Maswali ya wasomaji: Dijon ukifika, salamu kwanza

Haya wapendwa, kamwene! Toleo lililopita niligusia kidogo tu maisha ya mji wa Dijon kule Ufaransa na ujumbe ukaanza kumiminika, Iringa, Mbeya, Njombe, hadi Makete huko, kumbe watu wa nyanda za juu mnasafiri kimyakimya namna hii! Kuna anayeenda kumwona mjukuu, kuna wa masomo, kuna wa kahawa. Mimi niliishi Dijon wakati nasoma na mji ule naupenda kweli, kwahiyo leo safu nzima nawapa nyie.

Kwa ambaye hajui, Dijon iko upande wa mashariki wa Ufaransa, makao ya zamani ya watawala wa eneo la Bourgogne, ina watu kama laki moja na elfu sitini hivi. Sio Paris. Muuza mikate akikuona mara mbili anakukumbuka, dereva wa basi vilevile, na ndio maana nasisitiza sana mambo ya adabu za pale, maana kwenye mji ambao watu wanakumbukana sura, unavyoingia siku ya kwanza ndivyo utakavyopokelewa siku zote utakazokaa.

SWALI: Dada, binti yangu anaishi Dijon na mumewe na amejifungua, nataka niende mwezi wa tatu nikamhudumie mzazi. Nimeshaandaa dagaa, asali, nyama ya kukausha, ndizi za mtori na maparachichi. Jirani yangu ananiambia vyote vitatupwa uwanja wa ndege. Na viza inaanzia wapi? – Mama wa Kihesa, Iringa

Shikamoo mama, na hongera sana ya mjukuu!

Tuanze na karatasi. Viza yako ni ile ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambayo inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Fomu unajaza kwenye tovuti rasmi ya viza za Ufaransa, na maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho ni siku 15 kabla, ila mama usisubiri hizo siku 15 hata kidogo, anza mapema. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Utatakiwa pia bima ya safari inayolipa matibabu hadi euro 30,000 angalau, na kwa umri wako hiyo bima isome vizuri au mpe mtu akusomee, usinunue tu kwa sababu karatasi inadaiwa.

Sasa hili ndilo watu wengi wanalisahau. Kwa kuwa unafikia nyumbani kwa binti na sio hotelini, wenyeji wako wanatakiwa waende wenyewe ofisi ya mji, pale wanaita mairie, waombe hati inayoitwa attestation d'accueil, yaani serikali ya mji inathibitisha kwamba wana nyumba yenye nafasi na wana uwezo wa kukupokea. Inalipiwa stempu ya euro 30. Hati yenyewe ile ile ndio wanakutumia huku uiambatanishe na maombi. Binti yako amejifungua juzijuzi, amechoka, basi mwambie mkwe aanze kuomba miadi ya mairie leo, maana hiyo hati isipokuwepo huku kwetu utabaki unazunguka tu.

Mzigo sasa. Nyama ya kukausha iache mama. Nyama yoyote na vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kuingizwa na msafiri, hata kama umekausha mwenyewe kwa moshi wiki nzima, watavichukua na wakiona ulificha faini inaweza kufuata. Dagaa ruksa! Samaki, wakiwemo waliokaushwa, kila msafiri anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yake, sasa kilo 20 za dagaa sijui nani atazimaliza ila ujue tu una nafasi, wafunge vizuri sana isije nguo za mtoto zote zikanuka. Asali inaruhusiwa pia lakini mwisho kilo 2.

Matunda ndio yanachanganya watu. Matunda mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano tu, nanasi, nazi, tende, doriani na ndizi. Kwahiyo ndizi za mtori hizo hapo, zinapita bila cheti. Parachichi halipiti, na najua inauma maana ya Njombe na Rungwe yanauzwa Ulaya kila mwaka, lakini yale yanaenda kibiashara na vyeti vyake. Ukifika Dijon utayakuta dukani, ni madogo na bei yake itakushangaza, vumilia tu.

Jambo la mwisho mama yangu. Majirani wa binti yako hawatakuja kumwona mzazi kama tunavyofanya huku, nyumba kujaa kanga na vyungu vya uji. Hawamdharau. Kule mtu haendi nyumbani kwa mtu bila kuulizia kwanza siku na saa, hodi ya ghafla inawapa watu wasiwasi. Usije ukamwonea binti huruma ukadhani ametengwa, na wewe pia ukitaka kumpelekea jirani sahani ya maandazi mwambie binti atume ujumbe kwanza. Wanafurahi sana wakipelekewa, nimeona kwa macho yangu.

SWALI: Nimepata mafunzo ya miezi miwili Dijon. Naogopa hapo Paris tu, nikishuka kwenye ndege nafikaje? Na M-Pesa inafanya kazi? – Kijana wa Mwanjelwa, Mbeya

M-Pesa hapana mdogo wangu, na shilingi yetu hakuna atakayeipokea. Badilisha euro kidogo ukiwa bado huku au Dar, maana Dijon sehemu za kubadilishia fedha ni za kutafuta, kisha uwe na kadi ya benki ambayo umeshaiambia benki yako kwamba unaenda nje, la sivyo wanaweza kuifunga wakidhani imeibiwa. Pale kadi ndio kila kitu, hata mkate.

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle, panda treni ya mji inaitwa RER B hadi Châtelet les Halles, hapohapo chini kwa chini unabadilisha RER A au D kituo kimoja tu hadi Gare de Lyon. Usidanganyike na jina, Gare de Lyon ni stesheni iliyopo Paris. Hapo unapanda TGV, ile treni ya kasi, na Dijon ni kama saa moja na nusu na ushee. Fikiria kwamba umbali wake unakaribia wa Mbeya na Iringa, ndio maana kila nikipanda basi la Iringa naikumbuka ile treni. Tiketi ya TGV ina siti na ina treni yake maalum, ukiichelewa imekwenda, na bei inapanda kadiri siku zinavyokaribia kwahiyo nunua mapema. Kama unabana hela kuna treni ya mkoa, TER, inatokea stesheni ya Paris Bercy jirani na Gare de Lyon, inachukua karibu masaa matatu ila bei ni nafuu na mandhari utayaona vizuri.

Milango ya TGV inafungwa dakika 2 kabla ya muda. Hakuna konda wa kukuita, hakuna wa kugonga bodi gari lisimame. Na kuhusu muda, wao wanahesabu hadi 24, ukiona 14h30 hiyo ni saa nane na nusu mchana yetu, 19h ni saa moja jioni, 8h04 ni saa mbili na dakika nne asubuhi na kweli wanamaanisha hiyo dakika ya nne. Nimewaona Watanzania wawili watatu wamekosa treni kwa kuchanganya saa, weka simu yako kwenye mfumo wa 24 tangu ukiwa Mbeya uzoee.

Ukiwa kwenye RER na metro ya Paris begi liwe mbele, simu usiishike kizembe jirani na mlango. Anayekufuata uwanjani anakwambia taksi taksi achana naye, taksi halali zina foleni yake.

Dijon kwenyewe kuna tramu, laini mbili, T1 na T2, zimeanza mwaka 2012. Stesheni ukitoka tu unaiona. Tiketi ukipanda lazima uigusishe kwenye mashine hata kama umeshainunua, au unagusisha kadi ya benki, na wakaguzi wanaingia ghafla na hawana mjadala. Tramu haina kelele, kabla ya kuvuka reli tazama kote kote, sisi tumezoea gari linalosikika. Halafu beba adapta, soketi zao ni za matundu mawili ya duara, plagi yetu ya miguu mitatu haiingii.

SWALI: Mimi ni mkulima wa kahawa, tumealikwa kwenye maonyesho ya vyakula Dijon mwezi wa kumi na moja, na kuna familia moja imesema itatukaribisha chakula cha usiku. Kifaransa sijui. Watu wanasema Wafaransa wana maringo. Nifanyeje nisiaibike? – Mzee wa Vwawa, Songwe

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo limenifanya niandike safu ndefu namna hii, maana hili la maringo nimelisikia mno na mimi silikubali.

Mfaransa wa Dijon ana kitu kimoja ambacho ukimnyima anakasirika kimoyomoyo, nacho ni salamu. Ukiingia dukani, kwenye basi, kwa daktari, kwenye lifti, hata kwenye chumba cha kusubiria chenye watu usiowajua, unasema bonjour. Tamka bonzhuu, inatosha. Ikifika jioni inakuwa bonsoir. Kwa mwanamke unaongeza madame, mwanaume monsieur. Ukiingia duka la mkate ukaanza moja kwa moja na nataka hiki, hata kama umesema kwa Kifaransa kizuri, utajibiwa kwa sura iliyokunjamana, halafu wewe unarudi nyumbani unasema wana maringo au wana ubaguzi. Sisemi ubaguzi haupo, upo, lakini mara nyingi mno ni hiyo salamu tu iliyorukwa.

Sasa mzee, nani duniani anajua kusalimia kuliko sisi? Mtu wa Mbozi au Rungwe anasalimia hadi anauliza habari za ng'ombe. Huo ni mtaji! Mgeni wa kutoka mji mkubwa ndio anapata shida, wewe utaingia pale kama mwenyeji, ila tu salamu yao ni fupi, bonjour madame, anakujibu, unaeleza shida yako, ukitoka “merci” (asante) na “au revoir” (kwaheri). Usianze kuuliza za nyumbani na watoto kwa mtu usiyemjua, hayo yana muda wake. Na kwa kuwa Kifaransa hujui, jifunze hayo maneno manne matano na s'il vous plaît, yaani tafadhali, mengine onyesha kwa kidole na tabasamu. Wakiona umejaribu wanakusaidia mno.

Kuhusu shikamoo, kule hamna, ila heshima yao wanaiweka kwenye “vous”, yaani “nyinyi” ya heshima. Mtu yeyote mkubwa au usiyemzoea unamwita vous, hadi mwenyewe akwambie utumie “tu”, ile “wewe” yao ya waliozoeana. Kupeana mkono ni sawa kabisa. Familia ikishakuzoea wanaweza wakakusogelea shavu kwa shavu, wanaita bise, Dijon kwa kawaida ni mara mbili, acha wao waanze na wewe fuata. Kama hutaki nyoosha mkono mapema, hakuna atakayenuna.

Mwaliko sasa. Wakisema saa moja na nusu usiku, usifike saa moja na nusu kamili na usifike saa mbili na nusu. Dakika kumi, kumi na tano baada ya saa waliyosema ndio adabu, mwenye nyumba anamalizia kupanga meza. Usiende mikono mitupu, lakini pia usibebe mvinyo kama hujui, pale ni Bourgogne mzee, watu wanajua mvinyo kama nyie mnavyojua kahawa na mwenye nyumba ameshachagua wa kuendana na chakula. Maua au chokoleti. Na maua angalia, maua ya krisanthemamu usibebe, na mwezi wa kumi na moja ndio utayakuta yamejaa kila kona, yale ni ya makaburini, tarehe 1 Novemba watu wanaenda kuwakumbuka marehemu wao. Ila wewe una zawadi nzuri zaidi ya zote, pakiti ya kahawa yenu ya Mbozi iliyokaangwa. Kahawa iliyokaangwa na majani ya chai unaingia navyo bila tatizo. Uwaeleze shamba liko wapi, linavunwa lini, hapo usiku mzima mtakuwa na maongezi, maana Mfaransa akianza kuongelea chakula kimetoka wapi hana usingizi.

Mezani hamna maji ya kunawa yanayozungushwa, nawa kabla. Mikono yote miwili iwe juu ya meza, sio kwenye mapaja, wao ndivyo wanavyoona ni vizuri. Mkate unawekwa juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani, unakatwa kwa mkono, na unaruhusiwa kufutia mchuzi mkiwa nyumbani. Subiri mwenyeji aseme bon appétit. Kinakuja kianzio, usishibe hapo! Halafu chakula chenyewe, halafu jibini, halafu kitamu, halafu kahawa. Inaweza kuchukua masaa matatu. Ukimaliza sahani wataongeza, ukitosheka sema merci huku unatikisa kichwa, hawalazimishi kama mama zetu. Kama hunywi pombe sema mapema bila aibu, utapewa juisi au maji na hakuna atakayekuhoji.

Nje ya mwaliko, mzee, panga siku yako kwa saa zao. Mgahawa wa mchana ni saa sita hadi saa nane, ukiingia saa nane na nusu jiko limefungwa, na usiku hawafungui kabla ya saa moja. Maduka madogo mengi yanafunga mchana, Jumapili karibu yote, na mengine Jumatatu. Tarehe 1 na tarehe 11 Novemba zote ni sikukuu, kwahiyo nunueni mahitaji siku moja kabla. Mgahawani maji ya bomba unaomba carafe d'eau, ni bure na ni salama, mkate pia bure. Bei iliyoandikwa ina huduma ndani yake kwa sheria, bakshishi sio lazima, ukiridhika acha sarafu.

Na sokoni. Soko la Les Halles, lile jengo la chuma katikati ya mji, Jumanne, Ijumaa na Jumamosi asubuhi linapendeza jamani! Ila usishike nyanya na kuiminya kama tupo Mwanjelwa, muuzaji ndiye anakuchagulia, unamwambia ya kula leo au kesho. Wala hakuna kupunguziana, bei iliyoandikwa ndiyo hiyo. Foleni inaheshimiwa, uliza nani wa mwisho ukae nyuma yake. Mfuko wako mkononi, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa walishapiga marufuku toka 2016 kama sisi 2019.

SWALI: Mimi ni Muislamu, naenda na mke wangu ambaye anavaa ushungi. Chakula tutapata? Na ni kweli ushungi umekatazwa? – Msomaji, Iringa mjini

Ushungi wa kawaida barabarani, dukani, kwenye tramu, haujakatazwa, mkeo atembee kwa amani. Kilichokatazwa kwa sheria ya mwaka 2010 ni kufunika uso mzima sehemu za umma, nikabu ndio inaingia hapo, na faini yake inafika euro 150. Na kuna sheria ya 2004 inayohusu wanafunzi wa shule za serikali, hawa hawaruhusiwi alama za dini zinazoonekana wazi, hiyo haiwagusi wageni wanaotembea. Kwenye picha ya viza na kwenye ukaguzi wa pasipoti uso uonekane wote.

Chakula, hapa kuweni makini kuliko mnavyofikiri. Mapishi ya Bourgogne yanapenda nguruwe na mvinyo hata pale ambapo hukutegemea. Boeuf bourguignon jina lake ni ng'ombe, kweli nyama ni ng'ombe, lakini inapikwa ndani ya mvinyo mwekundu na vipande vya nguruwe vinaitwa lardons. Lardons hao utawakuta hadi kwenye saladi. Jambon ni nguruwe. Mayai yao ya oeufs en meurette, mchuzi wake ni mvinyo. Kwahiyo neno la kujua ni sans porc, sans alcool, yaani bila nguruwe, bila pombe, na ulizeni kila mara, hawaoni vibaya. Dijon kuna bucha za halali na migahawa ya watu wa Moroko, Aljeria na Uturuki, na samaki mnaweza kula popote ila muulizie mchuzi, maana wa mvinyo mweupe ni kawaida. Mkate wa baguette hauna shida, ni unga, maji, chumvi na hamira, na ni bei ndogo, mtaishi humo.

SWALI: Baridi ya huko ikoje ukilinganisha na yetu? – Binti wa Makete

Wewe wa Makete ndio wa mwisho kuogopa! Umande ulioganda unaujua. Tofauti ni kwamba Dijon mwezi wa kwanza baridi haiondoki mchana, inaweza kukaa karibu na sifuri kutwa nzima na jua linazama kama saa kumi na moja jioni mwezi wa kumi na mbili, hilo giza ndio linachosha kuliko baridi yenyewe. Ndani kuna joto la mashine kwahiyo vaa tabaka tabaka, sio sweta moja zito ambalo ukiingia dukani unatoka jasho. Viatu visivyopitisha maji, kofia, glavu. Mafuta ya kujipaka mengi, hewa ya ndani inakausha ngozi hadi midomo inapasuka. Mwezi wa sita mambo yanageuka, jua linazama saa tatu na nusu usiku na joto linaweza kupita nyuzi 30, na nyumba nyingi hazina kiyoyozi.

SWALI: Ndugu zangu wanaishi ghorofani Dijon, wananiambia huko hata kuimba kwaya nyumbani ni kosa. Kweli? – Uyole, Mbeya

Kuimba sio kosa, kelele ndio kosa. Saa nne usiku hadi saa moja asubuhi majirani wakilalamika polisi wanaweza kuja na faini ni euro 68. Hata mchana kelele iliyozidi haikubaliki, na Jumapili watu wanapenda utulivu. Kama mna sherehe, desturi nzuri ya pale ni kuandika kikaratasi unabandika mlangoni chini kwamba Jumamosi tutakuwa na wageni, tunaomba radhi, na unaweka jina na namba ya nyumba. Mimi nilikuwa nafanya hivo na kuna jirani mmoja mtu mzima alishuka akaja kukaa nasi, akala pilau mara mbili. Kwenye tramu pia ongea na simu kwa sauti ya chini, spika usiweke kabisa.

Na kwa kuwa umewataja ndugu, waambie waandike ukutani namba hizi hata kama wanazijua, 15 ni gari la wagonjwa, 17 polisi, 18 zimamoto, na 112 inafanya kazi kwa yote. Duka la dawa lina msalaba wa kijani, na usitegemee kununua antibayotiki bila cheti cha daktari kama tunavyozoea, hawatoi. Jumapili kuna duka la zamu.

SWALI: Nitakuwa Dijon siku mbili tu na hela sina ya kuchezea. Nione nini, nirudi na nini? – Mwalimu, Tukuyu

Mwalimu, umebahatika maana Dijon vitu vizuri vingi ni vya bure. Jumba la sanaa, Musée des Beaux-Arts, liko ndani ya jumba la kifalme la watawala wa Bourgogne na kuingia ni bure, ila Jumanne limefungwa. Ndani kuna makaburi ya watawala yaliyochongwa na sanamu ndogondogo za waombolezaji chini yake, kila mmoja amelia kivyake, kaa hapo hata nusu saa. Mbele yake uwanja wa Place de la Libération wenye umbo la nusu duara, watoto wanacheza kwenye maji yanayoruka kutoka chini wakati wa joto. Mnara wa Philippe le Bon unalipia kidogo, ngazi 316, kwa mtu anayepanda vilima vya Rungwe hizo si kitu.

Kisha tembea kwa mguu ukifuata alama za bundi zilizowekwa kwenye lami, zina namba moja hadi 22, zinakuzungusha mji wote wa zamani bila kulipa mtu. Bundi mwenyewe kachongwa ukutani mwa kanisa la Notre-Dame, na watu wa Dijon wanapita wanamgusa kwa mkono wa kushoto wakiomba jambo lao, amesuguliwa hadi sura imepotea. Huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, kule ndiye wa bahati, usishtuke ukiona bibi kizee anambembeleza. Kuna ziwa pia, Lac Kir, la kuchimbwa, la mwaka 1964, limepewa jina la padri Félix Kir aliyekuwa meya toka 1945 hadi 1968. Jumapili ambapo maduka yamefungwa wewe nenda huko na mkate wako, familia zote ziko huko.

Cha kurudi nacho ni haradali, moutarde. Na hapa nikupe kitu cha kumfundishia mwanafunzi wa jiografia. Jina moutarde de Dijon halina ulinzi wa eneo, popote inaweza kutengenezwa, na mbegu nyingi zilikuwa zinatoka Kanada, hadi ukame wa Kanada wa 2021 ukafanya mwaka 2022 Wafaransa wakute rafu tupu kwenye supamaketi, Dijon yenyewe ikiwemo! Ukitaka ile ambayo mbegu zimelimwa palepale tafuta kichupa kilichoandikwa moutarde de Bourgogne, hiyo ndiyo ina ulinzi tangu 2009. Onja kidogo kwanza, ukali wake haukai ulimini kama pilipili yetu, unapanda puani moja kwa moja. Kwa nyama choma ya mbuzi inakubali ajabu. Ila usiiweke kwenye begi la mkononi, uwanjani wanaihesabu kama kimiminika na kichupa kikizidi mililita 100 kinabaki kwao, kiviringishe kwenye soksi ukiweke kwenye begi kubwa linaloenda chini.